Pampu ya Samaki wa Mzee Sadru

Marahaba, wanangu. Shikamoo zenu nimezipokea zote, hata za wale wanaoanza na "mambo bibi" halafu wanakumbuka na kuniamkia. Mimi ni Mwanaidi. Mafundi wengi mnanijua kama yule mama wa pampu wa Korogwe, ingawa siku hizi nakaa kwangu Handeni na kazi yangu kubwa ni kugombana na kuku wa jirani. Niliuza pampu tangu nikiwa binti mpaka magoti yalipokataa kusimama kaunta.

Juzi mmoja wenu alinipigia simu. "Shikamoo bibi. Nina mteja hapa anataka pampu ya kupeleka maji kwenye tangi la samaki, lile la kioo la sebuleni. Nimpe ya hosipawa ngapi?"

Nikamwambia asubiri, nitampigia. Sikumpigia. Asinione nina kiburi. Nilipokata simu nilikaa kwenye kigoda na kikombe mkononi, nikajikuta kwa mawazo nimerudi ghorofani kwa Mzee Sadru, chai ikapoa na nzi wakainywa. Basi jibu lake ni hili hapa, na ninyi wengine wa kundi hili sikilizeni humo humo.

Mzee Sadru ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Muhindi wa Korogwe, kazaliwa pale, baba yake kazaliwa pale, na duka lenyewe lilikuwa la babu yake tangu lilipokuwa likiuza chumvi na vibiriti. Kishambaa alikijua cha kutosha kumchekesha mama wa milimani mpaka asahau kulalamikia bei. Nyumba yake ilikuwa juu ya duka. Unapanda ngazi za zege upande wa uani, unamkuta mkewe, Bi Gulshan, kakaa barazani anachambua mchele.

Mimi nilitoka Kwaluguru. Kwetu maji yalikuwa ni lambo na kichwa. Lambo la kuchotea, kichwa cha kubebea ndoo. Siku ya kwanza nilipofika dukani, Mzee Sadru alikuwa anamwonyesha mteja pampu mlangoni. Kaweka pipa la maji, pampu kando, bomba limepanda hadi kwenye upenu na kurudi pipani. Maji yanapanda, yanashuka, yanapanda tena, hakuna mtu aliyeyabeba. Nilisimama nikatazama mpaka akaniuliza, "Binti, umekuja kazini au umekuja sinema?"

Nikamwambia kazini, lakini macho sikuyatoa.

Sasa, hosipawa, ile nguvu ya mota. Wateja wote wanaanzia huko. Mtu anaingia, kofia mkononi, anasema, "Nataka pampu kubwa." Mzee Sadru hakuwahi hata siku moja kumwuliza mteja anataka pampu gani. Alimwuliza maji yako wapi na anataka yafike wapi. Halafu anamshika mkono, anamtoa hadi barabarani. "Tangi lako liko juu kama nini? Kama paa la ile gesti? Kama mnara wa simu?" Mteja anatazama mapaa, anafikiri, anajibu. Watu wa pale mtaani Manundu waliokuwa hawatujui walidhani tunauza nyumba.

Alikuwa anatafuta kimo. Pampu ina kazi mbili, kuyainua maji na kuyasogeza, na hizi mbili zinagombea nguvu ile ile. Ukiipandisha juu sana, maji yanapungua. Ukitaka mengi, haifiki juu. Kwenye boksi la pampu wameandika kimo cha mwisho na lita za mwisho, na kijana asiye na uzoefu anasoma vyote viwili akidhani atavipata pamoja. Havipatikani pamoja. Kile kimo cha mwisho ni pale maji yanaposimama kabisa kwenye bomba, yanakutazama tu. Zile lita za mwisho ni pale pampu isipopandisha kitu chochote. Mteja wako anaishi katikati.

Kuna bwana mmoja mkulima wa mpunga kule Mombo alinunua, sehemu nyingine, si kwetu, pampu ya kutoa maji mengi sana. Kwenye majaruba ilikuwa mfalme. Kisha akajenga nyumba juu kidogo kwenye mwinuko akataka ile ile impelekee maji ya kuoga. Akaja kwetu amevimba. "Hii pampu imerogwa. Chini inatapika mto, juu inatoa jasho." Mzee Sadru akamwambia haikurogwa, imezaliwa kwa kazi ya bondeni. Wengine mnacheka, lakini nimeona mafundi wenye vyeti wakifanya hivyo hivyo.

Nirudi kwa samaki.

Mzee Sadru alikuwa na tangi la kioo sebuleni, refu kama kitanda cha mtoto. Ndani mna changarawe ya mtoni, majani mawili matatu, na samaki wa rangi ya chungwa wenye mikia kama kanga inayopepea. Alikuwa anawapenda mno. Kila wiki alibadilisha sehemu ya maji, na maji yale aliyabeba kwa ndoo kutoka tangi la chini uani, ngazi zote zile, mzee mwenye duka zima la pampu. Siku moja nilishindwa kuvumilia. "Mzee, kwa nini usifunge pampu?"

"Samaki wananijua kwa mlio wa viatu vyangu ngazini," akasema. "Pampu wataijulia wapi?"

Basi akaendelea na ndoo zake, mpaka asubuhi ile aliyoanguka bafuni. Kiharusi. Alikaa hospitali kwa muda, akarudi akiwa amepoteza upande wa kulia na maneno yote. Mtu aliyekuwa anapatana bei kwa lugha nne, sasa anafungua mdomo na kinachotoka ni pumzi. Wakamweka kwenye kiti chake cha mikono sebuleni, mbele ya lile tangi, mto mgongoni.

Na tangi likaanza kufa. Bi Gulshan magoti yake yalikuwa kama haya yangu ya leo, hawezi kupandisha ndoo. Mimi nilikuwa peke yangu dukani. Maji yakageuka kijani. Samaki mmoja akaelea, kesho yake mwingine. Jioni moja nilipanda kuwajulia hali nikamkuta Bi Gulshan amesimama katikati ya sebule, anasema, "Mwanaidi, tafuta mtu alichukue hili tangi. Siwezi tena."

Tukasikia mlio. Mzee alikuwa anapiga mkono wa kiti kwa ule mkono wake mzima, wa kushoto. Pa, pa, pa. Alitutazama kwa jicho ambalo dukani lilikuwa likimwondoa tapeli mlangoni.

"Haya," Bi Gulshan akasema. "Haya baba, linabaki. Lakini maji atapandisha nani?"

Nikasema pampu.

Nilikuwa na haraka, ndiyo maana sikuuliza maswali ambayo ningemwuliza mteja yeyote. Nikachukua pampu ya nyumbani ya kawaida, nusu hosipawa, nikaifunga uani, nikapandisha mpira wa maji mpaka dirishani na kuuingiza moja kwa moja kwenye tangi la samaki. Bi Gulshan akashika ncha. Mimi nikashuka kuwasha.

Kelele niliyoisikia kutoka juu sijaisahau. Nilipanda nikakuta changarawe iko ukutani. Mpira umemponyoka Bi Gulshan na unacheza sebuleni kama nyoka aliyekanyagwa, zulia limelowa, picha ya harusi inachuruzika maji. Samaki walikuwa wamekusanyika pembeni, wanne waliobaki, wameshikamana kama abiria waliosikia breki. Na Mzee Sadru, amelowa kichwa mpaka miguu, mabega yanamtetemeka. Nikadhani amezidiwa. Nikamkimbilia.

"Anacheka," Bi Gulshan akasema. "Mwache. Anacheka."

Kwa hiyo kijana, somo la kwanza, samaki wa sebuleni hataki mto. Anataka maji yanayoingia polepole kama mgeni mwenye adabu.

Mara ya pili nikaenda upande wa pili. Nikaagiza kile kipampu kidogo cha kuzamisha, kinachotosha kiganjani. Boksi lilisema mita tatu. Nikapima kwa kamba kutoka ardhi ya uani mpaka sakafu ya sebule, nikaona inakaribia mita tatu, haizidi. Nikafurahi. Nikakizamisha, nikawasha, nikapanda juu. Hakuna kitu. Nikaweka sikio kwenye mpira. Nasikia mvumo tu, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo.

"Umeme mdogo labda," nikasema.

Mzee Sadru akainua mkono wa kushoto. Akaupandisha juu ya kichwa chake, kiganja wazi. Akaushusha mpaka chini kabisa, vidole vikagusa zulia. Akanitazama. Akarudia, juu, chini.

Nilisimama pale nikiona aibu iliyochanganyika na furaha. Kumbe yumo. Maneno yalikuwa yametoka, lakini yeye mwenyewe alikuwa ndani ya nyumba. Nilikuwa nimepima ardhi na sakafu. Maji hayakai juu ya ardhi, yako chini ndani ya tangi lililochimbiwa, tena kiangazi yanashuka zaidi. Na hayaishii sakafuni, yanatakiwa yavuke mdomo wa tangi la kioo lililo juu ya meza. Ukipima kimo, pima kutoka uso wa maji unakoyatoa, siku yalipopungua, mpaka mahali yanapomwagikia. Ukishapata, ongeza kidogo kwa ajili ya mpira mwembamba na kila elbo, kile kiungio cha kona, kwa sababu maji nayo huchoka kupinda kona. Halafu chukua pampu ambayo boksi lake linasema kimo kinachokaribia mara mbili ya hicho chako. Hapo utakuwa katikati, maji yatakuja na pampu haitajinyonga.

Ya tatu ndiyo iliyokaa. Pampu ya kuzamisha, ya wastani, mwili wa plastiki. Hilo mlishike, ya samaki isiwe na shaba inayogusa maji wala oili inayoweza kuvuja, samaki hawasamehe. Na sikuipeleka tena kwenye tangi la kioo. Niliweka pipa barazani, juu ya meza imara iliyoizidi kimo ile ya samaki, pampu ikalijaza lile. Maji ya bomba yana dawa, yakikaa siku nzima kwenye pipa lililo wazi dawa inapungua na maji yanazoea joto la nyumba. Kutoka pipani nikashusha mpira mwembamba wenye koki hadi kwa samaki. Bi Gulshan anafungua koki kwa vidole viwili, maji yanateremka yenyewe. Ncha ya mpira ule unaotoka kwenye pampu nikaifunga juu ya maji ya pipa, isizame. Umeme ukikatika na ncha imezama, maji yote yanarudi yalikotoka, na umeme wetu mnaujua.

Wiki ile tangi likawa safi. Samaki wanne wakaanza kupepea. Mzee akawa anaamka, anaoshwa, anakaa mbele yao na hataki kuondolewa mpaka adhana ya jioni.

Mama yangu alikuja kunitembelea kipindi kile, kutoka Kwaluguru, na kuku wake kikapuni. Nikampandisha kumsalimia mgonjwa. Akatazama pipa, akatazama mpira, akafuata mpira kwa macho hadi kwenye tangi. Akaguna kwa Kizigua, kisha akasema kwa Kiswahili ili wenyeji wasikie.

"Mwanaidi. Haya maji yanapanda ghorofani kwa umeme, yanalala pipani, yanapumzika, halafu yanapewa hawa?"

"Ndiyo, mama."

"Na hawaliwi?"

"Hawaliwi."

Akakaa. Akawatazama muda mrefu. Mzee Sadru naye akamtazama yeye. "Mimi nimechota maji toka sijavunja ungo," akamwambia mzee, kama anaongea na mkulima mwenzake, "na sijawahi kupumzishiwa hata kikombe." Mzee mabega yakaanza kutetemeka tena. Jioni mama aliuliza yale maji machafu tunayotoa tangini tunamwaga wapi. Nikasema uani. Akakasirika kweli kweli. Alituamuru tupande mchicha. Na ule mchicha, wanangu, ulikuwa mnene kama mikono ya mtoto anayenyonya. Maji ya samaki ni mbolea. Mwambie mteja wako hilo bure.

Lakini duka lilikuwa linakufa. Wateja walizoea kumwona mzee. Mtu katoka Kwedizinga, kapanda gari mbili, anamkuta binti kaunta. "Mwenyewe yuko wapi?" Nikisema anaumwa, anasema atarudi. Harudi. Mtoto wao wa kiume, Amin, aliyekuwa na biashara zake Dar, akapiga simu kuwa anakuja kufunga. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka wazazi wahamie kwake, walale mahali penye daktari karibu.

Siku hiyo aliyofika, aliingia pia mzee mmoja mkulima, Mzee Mbwana wa Kwedizinga. Kisima chake kifupi, pampu iko juu ukingoni, kiangazi kikiingia inanguruma na haitoi maji. Alikuwa anataka kubwa zaidi. Nikamweleza. Akasema, kwa heshima lakini akasema, "Binti, nisamehe. Mimi nataka kumsikia Sadru."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwambia, "Twende juu, ukamsikie."

Tukapanda, Amin nyuma yetu, amekunja uso. Mzee Mbwana akamwamkua mgonjwa, akakaa kwenye kochi, akaeleza kisima chake chote mbele ya samaki. Mzee Sadru akasikiliza. Halafu akainua ule mkono wa kushoto na kuubonyeza hewani kuelekea chini. Chini. Chini tena.

"Anasema pampu ishuke," nikamwambia Mzee Mbwana. "Usinunue kubwa. Pampu ya juu haiwezi kuvuta maji kutoka kina kirefu, hata ingekuwa na nguvu za lori. Ikivuka mita saba hivi inavuta upepo. Jenga kijukwaa ndani ya kisima, ishushe karibu na maji. Kusukuma inaweza, kuvuta ndiko haiwezi."

Mzee Mbwana akatazama ule mkono, akanitazama. "Hivyo hivyo, Sadru?"

Mkono ukashuka tena.

Akaridhika kabisa. Akanunua valvu ya chini, ile ya kuzuia maji yasirudi kisimani, na mabomba, akaondoka. Amin akabaki amesimama mlangoni. Akamwambia mama yake, "Sikujua kama bado anaweza." Akalala usiku mmoja, akatazama samaki na baba yake, na asubuhi akarudi Dar. Duka halikufungwa.

Gari lake lilipopiga kona, nikapanda juu nikiwa na furaha ya kuimba. Nikamkuta Bi Gulshan ameinama nyuma ya kiti, anauvuta ule mto wa mgongoni kuushusha chini kiunoni. Mzee akashusha pumzi ndefu. Mkono wake ukatulia mapajani.

"Jana," Bi Gulshan akasema, "mto ulimpanda shingoni, na leo tena. Anatuonyesha, anatuonyesha, nyie mnaongea visima."

Nilikaa sakafuni.

"Kwa hiyo hakusema pampu ishuke?"

"Alisema mto ushuke." Kisha akaanza kucheka, mama wa watu, akashika meza ya samaki asianguke. "Sasa pampu ya yule bwana itakuwaje?"

Pampu ya yule bwana ilitoa maji. Alirudi baada ya muda na jogoo, akampandishia mwenyewe ghorofani kumshukuru kwa mashauri yake. Mzee Sadru alimpokea jogoo kwa mkono wa kushoto, kwa heshima zote.

Baada ya hapo ikawa ndio utaratibu. Mteja mgumu anapandishwa. Anakaa kwenye kochi, anaeleza, samaki wanapita. Siku nyingine mkono wa mzee ulisema kitu nilichokielewa. Siku nyingine ulikuwa unafukuza mbu, nami nikampa mteja kile nilichojua mwenyewe na kusema ndicho alichosema mzee. Watu wakaanza kuja hata kutoka mbali, kwamba yuko Muhindi Korogwe, hawezi kuongea lakini akikuonyesha mkono maji yanatoka. Bi Gulshan alikuwa anawapa chai. Yeye na mimi hatukuwahi kuliongelea tena. Nilikuwa nakosa usingizi kwa jambo moja tu, kama mzee mwenyewe anaumia, kusemewa mbele ya uso wake, mtu aliyekuwa hasemewi na yeyote.

Alikaa nasi miaka kadhaa hivyo. Alifariki alfajiri, taratibu, kitandani kwake, na Bi Gulshan akahamia kwa Amin baada ya eda. Samaki walichukuliwa na binti wa jirani yetu mwenye duka la vitambaa, pamoja na pampu, pipa na mipira, nikamfungia mimi mwenyewe. Hayo nayasema sasa ili msikae mkiyasubiri. Ninalotaka kuwaachia lilitokea kabla, masika, mvua imeshika Korogwe yote na ngazi zinateleza.

Alikuja mama mmoja kijana, mwalimu, kahamia Handeni. Alikuwa ametoka hospitali na mtoto wake wa kike ambaye kifua chake hakikumruhusu kukimbia na wenzake. Mtoto kaona samaki mahali fulani akawapenda, na mama akaamua kumwekea tangi ndani. Sasa Handeni, mnaijua. Maji yake yalikuwa ya mvua, kwenye tangi la chini nyuma ya nyumba, na alikuwa anaogopa mambo mawili. Kwamba atayamaliza kiangazi na majirani watamsema, na kwamba pampu itamwua mtoto kwa umeme. Fundi mmoja alikuwa ameshamwambia achukue hosipawa moja.

Nikampandisha. Kwa mazoea tu. Mtoto akaenda moja kwa moja kubandika pua kwenye kioo. Mama akakaa, akamweleza Mzee Sadru yote, taratibu, kama mtu anavyoongea na daktari. Alipomaliza akauliza, "Sasa mzee, nichukue ipi?"

Nikasubiri mkono. Mkono haukuinuka. Nikawa tayari nimefungua mdomo kusema, mzee anasema hivi na hivi.

Mzee Sadru akatikisa kichwa. Uso ukamjaa damu, shingo ikakaza. Bi Gulshan akaacha birika. Mdomo ukaenda upande, ukarudi, na sauti ikatoka, nzito, kama bomba lililokaa kavu muda mrefu linapoanza kukohoa.

"Mu," akasema. "Muu. Lize."

Tukamgeukia wote. Hata mtoto akageuka.

Akanielekezea kidole. "Huyu."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu alipoanguka. Bi Gulshan alikuwa analia huku ameshika kifuniko cha birika. Yule mwalimu, ambaye hakujua lolote lililokuwa limetokea pale sebuleni, alifanya kama alivyoambiwa. Akanigeukia mimi.

"Haya dada," akasema. "Nichukue ipi?"

Nikafuta macho kwa ncha ya kanga. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake, na nikaanza kumjibu kwa jina langu mwenyewe.